Shehe, Sheha, Shaha

Katika kijiji chochote cha Unguja au Pemba, mzee anayetaka kumwoza binti yake, na wiki hiyo hiyo kumpatia mwanawe wa kiume kitambulisho cha ukaazi, hana budi kubisha hodi milango miwili. Kwa ajili ya ndoa humwendea shehe, na kwa ajili ya barua ya utambulisho humwendea sheha. Mgeni wa bara akiyasikia majina haya mawili kwa haraka hudhani kuwa ni neno moja ambalo wenyeji hawajaafikiana juu ya matamshi yake. Mwenyeji naye hacheki wala hasahihishi. Kwake yeye hawa ni watu wawili: mmoja ana kitabu na mwengine ana muhuri.

Hata hivyo mgeni yule hakukosea sana. Irabu moja inayowatenganisha shehe na sheha imebeba historia ndefu ya visiwa hivi, na kamusi nyingi hupita juu yake kwa mstari mmoja au miwili. Hueleza kuwa shehe ni mtu mwenye elimu ya dini ya Kiislamu, au kiongozi wa dini hiyo, kisha huendelea na neno la pili. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanataja mahali neno lilipoketi leo bila ya kusema limetoka wapi wala limewapisha akina nani njiani.

Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa herufi tatu: shini, ya na kha. Kitenzi chake ni kuzeeka. *Shaykh*, kwa maana ya mwanzo kabisa, si mwanachuoni, si chifu, si kiongozi wa tarika. Ni mtu ambaye mvi zimemdhihirikia. Mwanaisimu Ibn Mandhuri, aliyefariki mwaka 1311, katika kamusi yake kubwa ya *Lisan al-Arab*, ametaja kauli za wajuzi wa lugha waliolipangia neno hili hata umri: huanzia miaka 50 na kuendelea hadi mwisho wa uhai, na wengine wakaukata mpaka kwenye 80. Kabla ya hapo mtu ana majina mengine, la ujana na la utu uzima.

Qur'ani nayo inashuhudia maana hiyo. Neno hili limekuja humo mara nne tu. Katika Sura ya Hud linatoka kinywani mwa mke wa Nabii Ibrahim, anayestaajabu kubashiriwa mtoto ilhali mumewe ni mtu mzima wa miaka mingi. Katika Sura ya Yusuf, nduguze Yusuf wanamwombea mdogo wao kwa hoja kuwa baba yao amekwisha kuzeeka. Katika Sura ya Al-Qasas, wasichana wawili wa Madyan wanaeleza kwa nini wao ndio wanaonywesha mifugo: baba yao hana nguvu tena. Na katika Sura ya Ghafir linakuja kwa wingi, pale zinapotajwa hatua za maisha ya mwanadamu tangu tone la manii. Mahali pote pane Kiswahili hakihitaji zaidi ya *mzee* au *kikongwe*. Hakuna hata pamoja ambapo neno linamaanisha mtu msomi. Ibrahim na Yaakub ni mitume, lakini hapo hawakuitwa hivyo kwa sababu ya utume wao. Wameitwa kwa sababu ya miaka yao. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila mtu anapodai kwamba cheo hiki ni cha dini tangu siku ya kwanza.

Basi uzee uligeukaje kuwa elimu? Njia yake haina muujiza. Kabila la Kiarabu lilimweka mbele mtu wake mzima, likamwita kwa sifa ya umri wake, na baada ya muda sifa ikawa cheo. Mambo kama hayo yametokea kwengineko. Wagiriki walikuwa na *presbyteros*, yaani mzee, ambaye kwa Waingereza aliishia kuwa padri. Warumi waliita baraza lao la utawala kwa neno linalotokana na uzee. Na makanisa ya Afrika Mashariki hadi leo yana *mzee wa kanisa*, ambaye wakati mwengine ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Ila Kiarabu kilikwenda hatua moja zaidi. Elimu ya Hadithi ilipokua, mwanafunzi alihitaji jina la kumwita mtu aliyemsikilizisha riwaya, akamwita *shaykhi*, shehe wangu. Hapo umri ulianza kupoteza nguvu. Lililotazamwa ni nani kapokea kutoka kwa nani, na wanavyuoni wakawa wanatunga vitabu vizima vya kuwaorodhesha masheikh wao, mmoja baada ya mwengine, kama mfanyabiashara anavyoandika wadeni wake.

Mfano mzuri zaidi unapatikana ndani ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa Waislamu wa mwambao. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu haya vikisema "masheikh wawili" bila ya kuwataja kwa majina, hukusudia Rafii na Nawawi. Huyu Nawawi, ambaye *Minhaj* yake imesomwa misikitini kuanzia Lamu hadi Ngazija, alizaliwa mwaka 631 wa Hijra na kufariki mwaka 676. Miaka arobaini na mitano. Kwa kipimo cha wanakamusi, mtu aliyekuja kuwa mmoja wa masheikh wawili wa madhehebu hakufikia umri wa kuitwa *shaykh*.

Wakati huo huo neno lilikuwa likizaa matawi mengine. Wanafalsafa na waganga walimwita Ibn Sina kwa jina hilo pamoja na nyongeza ya ukuu. Watu wa tasawwuf wakamfanya shehe kuwa ndiye mlezi wa roho, anayempa muridi wake wirdi na kumwongoza hatua kwa hatua. Dola ya Kituruki ikaweka ofisi ya Shehe wa Uislamu, mwenye mamlaka ya kutoa fatwa kwa jina la serikali. Oman likabaki zaidi kwenye uongozi wa makabila. Hadhramaut, ambako ndiko walikotoka wengi wa walimu wa mwambao, likawa pia ni jina la tabaka: zipo koo za *mashayikh*, zinazokaa chini ya masayyid katika daraja za heshima, na mtoto wa ukoo huo huzaliwa nalo hata kabla ya kujua alifu.

Neno, basi, halikuja Afrika Mashariki likiwa na sura moja. Lilikuja mara nyingi, kwa majahazi tofauti, na kila safari likashuka na mzigo wake. Ushahidi umo ndani ya matamshi. Sheria ya sauti inayotoa *shehe* inafahamika vizuri: kha ya Kiarabu inalainika na kuwa ha, na mwambatano wa *ay* unakuwa *e*. Ndivyo *khayr* ilivyotoa heri, na *shaytan* ikatoa shetani. Mwisho wa neno, kwa kuwa Kiswahili cha asili hakipendi kufunga kwa konsonanti, huongezwa irabu, na mara nyingi irabu hiyo huifuata iliyotangulia. Neno *tarikh* la Kiarabu lilipita njia hiyo likawa tarehe. Baadaye wasomi walilichukua tena kitabuni, wakalihifadhi na kha yake, wakasema tarikhi kwa maana ya historia. Kadhalika shehe ni la watu, shekhe ni la chuoni, na *sheikh*, linaloandikwa magazetini, limepita kwanza kwenye hati za Wazungu ndipo likarejea nyumbani na tahajia yao. Inachekesha kidogo kwamba tahajia hii ya tatu ndiyo inayohesabiwa kuwa na taadhima zaidi.

Wingi wake una jambo la kupendeza. Mswahili husema mashehe au mashekhe, akiongeza *ma-* kama anavyoiongeza kwenye bwana na karani. Mwarabu, kwa kanuni zake mwenyewe zisizohusiana na ngeli yoyote, husema *mashayikh*. Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana kwenye silabi moja kwa bahati, na msikilizaji msikitini hawezi kujua kama khatibu amesema kwa Kiarabu au kwa Kiswahili.

Sheha ndiye mwenye mashaka. Irabu yake ya mwisho haifuati kanuni iliyotajwa, na hapo ndipo wapenzi wa habari za Washirazi wanapopata upenyo. Mtu anaweza kusema: kwa nini sheha asitokane na *shah* ya Kiajemi, ikiwa wenyeji wa Kusini Unguja, wa Tumbatu na wa Pemba wanajinasibisha na Shiraz? Hoja inavutia. Inatoa kwa mjumbe wa kijiji nasaba ya kifalme, na nani atakataa zawadi kama hiyo?

Lakini zawadi hiyo ina mwenyewe. *Shah* ya Kiajemi imo katika Kiswahili, na sura yake ni *shaha*. Ni mfalme wa mchezo wa sataranji. Ni kiongozi wa malenga, yule ambaye watunzi wenzake wanamkubali awatangulie. Na kwa wakwezi ni moyo wa mnazi, ule mweupe ulioko kileleni, ambao ukishaliwa mti umekufa. Mapokezi ya Mombasa yanazitenga sura hizi mbili kwa uwazi. Mji unamkumbuka Shehe Mvita katika mwanzo wake, na unamkumbuka Shaho Mshaham katika mwisho wa utawala wa ukoo wa Kishirazi, mnamo karne ya kumi na sita. Watu wa mji mmoja walikuwa na masikio ya kutosha kupambanua *e* na *a* baina ya watawala wao. Ni vigumu kuamini kuwa watu wa Unguja walishindwa. Irabu ya kwanza ya sheha inamrejesha kwa *shaykh*, na irabu yake ya mwisho, ingawa ni ya ajabu, haitoshi kumvisha taji.

La maana zaidi ni kazi aliyokuwa akiifanya. Kabla ya serikali ya Kiarabu kukita mizizi Unguja, Wahadimu walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu, na katika miji yao sheha ndiye aliyekuwa mkono wa mtawala: alisikiliza kesi, alikusanya kodi, alitoa watu wa kazi. Pembeni yake walikuwapo wazee wa mji. Kuhusu mizimu alikuwapo mvyale, na msikitini alikuwapo imamu. Kwa maneno mengine, yule aliyebeba jina lililokuja kuwa la dini ndiye aliyeshughulika na mambo ya dunia, na dini, ya zamani na ya sasa, ilikuwa mikononi mwa wengine. Hapana kinyume hapo mtu akikumbuka kuwa *shaykh* wa mwanzo alikuwa mtu mzima wa kabila. Sheha amehifadhi maana kongwe. Shehe ndiye aliyebadilika.

Mwinyi Mkuu wa mwisho mwenye haiba, Muhammad bin Ahmed wa Dunga, alifariki mwaka 1865. Cheo chake kilizimika miaka michache baadaye. Cha sheha hakikuzimika. Waingereza walimweka chini ya mudiri na kumtumia kama walivyotumia kila walichokikuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi zake nyingi zilihamia kwenye matawi ya chama. Kisha alirudi, na Sheria Namba 1 ya 1998 ya tawala za mikoa ikampa mahali pake ndani ya serikali, kabla ya sheria nyengine, Namba 8 ya 2014, kuchukua nafasi ya ile. Eneo lake ni *shehia*, neno lililoundwa kwa mfano wa mudiria. Huteuliwa; hapigiwi kura. Barua yake inafungua njia ya kitambulisho, na kitambulisho kinafungua njia ya daftari la wapigakura, kwa hiyo tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992 hapana msimu wa uchaguzi uliopita Visiwani bila ya jina la sheha kutajwa kwa lawama na wengine na kwa utetezi na wengine. Mzee wa kijiji, ambaye nguvu yake ilitokana na kujua nani ni mtoto wa nani, sasa anaandika kwenye karatasi ya serikali kuwa fulani ni mkaazi au si mkaazi. Neno ni lile lile.

Kwa upande wa *Sheikh*, siasa pia haikuliacha salama. Katika miaka ya 1950 na 1960 Unguja, lilikuwa jina la adabu kwa mtu mzima mwenye nafasi, na vyama vyote vililitumia. Ali Muhsin Barwani aliandikwa Sheikh, Muhammed Shamte aliandikwa Sheikh, na Abeid Amani Karume, baharia wa zamani ambaye hakudai uanachuoni, naye aliandikwa Sheikh. Mahasimu walioshindwa kukubaliana juu ya kila kitu walikubaliana juu ya hilo. Baadaye Karume aliitwa zaidi *Mzee*. Mtu akilitazama kwa makini ataona kuwa hakubadilishiwa cheo, alitafsiriwa. Kiswahili kilikuwa na neno lake mwenyewe la umri na heshima, kikalipa kwa wanasiasa, na lile la Kiarabu likaachiwa zaidi watu wa dini.

Bara, mambo yalichukua sura ya ofisi. Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, BAKWATA, lililoundwa mwaka 1968, lina sheikh wa mkoa, wa wilaya na wa kata, kwa mpangilio unaofanana sana na ule wa serikali. Huyu ni shehe wa namna mpya. Yule wa darasani hupewa jina na wanafunzi wake na hakuna anayeweza kumvua. Huyu huteuliwa kwa barua na anaweza kuondolewa kwa barua. Pengine bila ya kukusudia, shehe wa bara amemkaribia sheha wa Visiwani.

Thamani ya jina hili inaonekana pale linapopimwa mbele ya jina jengine, la sayyid au sharifu. Unguja ya mwanzo wa karne ya ishirini iliwaona pamoja Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, marafiki wa chanda na pete, waliofariki mwaka mmoja, 1925. Wote wawili walikuwa bahari ya elimu. Wa kwanza alikuwa sayyid kwa kuzaliwa, na asingeacha kuwa sayyid hata kama asingefungua kitabu. Wa pili, ijapokuwa ukoo wake wa Hadhramaut ulikuwa na heshima yake, watu wa Ukutani walimwita shehe kwa sababu waliketi mbele yake wakasoma. Usayyid hauombwi wala haufanyiwi kazi. Ushehe ulikuwa na mlango, na mlango huo, angalau kwa kanuni, haukuuliza mtu ametoka tumbo gani.

Kwamba kanuni hiyo haikuwa maneno matupu kunathibitishwa na Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alitolewa upande wa Kongo ya mashariki akiwa mdogo, akafika pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akaingia katika tarika ya Kadiria, akapewa ukhalifa, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi katika dini kwenye mrima mzima. Waungwana wa mji, wenye nasaba za kuhesabu hadi babu wa kumi, walimbusu mkono. Mji ule ule uliomjua bila ya ukoo ulimwita kwa jina ambalo Hadhramaut watu hulirithi. Hapana ushahidi mkubwa zaidi wa kile ambacho mwambao ulilifanyia neno hili: ulilitoa kwenye damu ukalitia kwenye ubao.

Mlango huo, lakini, ulikuwa na kimo chake. Mwambao haukukosa wanawake wenye elimu. Vyuoni wamesomesha vizazi kwa vizazi. Kiarabu kinalo umbo la kike, *shaykha*. Kiswahili hakikulichukua. Mwanamke mjuzi hupewa *mwana*, *bi*, *mwalimu*, majina mazuri yote, ila hakuna hata moja linalomweka katika silsila ya wale wanaotajwa kuwa fulani kapokea kwa fulani. Aliyewafundisha wavulana herufi kabla hawajapelekwa kwa shehe hutajwa katika wasifu wao kama mama au bibi, ikiwa atatajwa. Kwenye usheha mambo ni tofauti. Huko, kwenye maana ile kongwe iliyodhaniwa kuwa ya kijijini na ya kizamani, wanawake wameteuliwa, wanaketi barazani na daftari lao, na shehe anayetaka barua ya safari hupanga foleni mbele ya Bi Sheha kama mtu mwengine yeyote.

Mitaani, vijana wamekwisha kuamua mambo yao. "Shekhe, vipi?" husemwa kwa dereva wa daladala, kwa muuza urojo, kwa mwenzio aliyekukanyaga bahati mbaya. Wanajimu nao, wenye kusoma nyota na kuandika kombe, wamelitia jina kwenye vibao vyao vya biashara, na wanavyuoni wameghadhibika. Ghadhabu yao inaeleweka, lakini neno hili halikuwa lao peke yao hata siku moja. Mtu wa kwanza kuitwa nalo alikuwa mkongwe asiye na jina, katika hema mojawapo ya Bara Arabu, ambaye vijana walimnyamazia kwa sababu aliona ukame mwingi kuliko wao.